Mjapani Aliyepiga Mpasho Wangu

Pale Yeoville, mtaa wetu wa Johannesburg, walimwita Mchina. Niliwasahihisha kwa miaka miwili, kisha nikachoka. Msusi Mkongo niliyegawana naye duka, yeye upande wa nywele na mimi upande wa cherehani, aliamua kumwita Maman Piano, na hilo ndilo lililoshika. Mwenyewe hakujali. Alisema ameshaitwa Mkorea na Mfilipino, na mara moja huko Brazil akadhaniwa mke wa balozi, akakaa mezani akala chakula cha watu mpaka mke wa balozi alipofika.

Siku ya kwanza aliingia dukani na suruali nyeusi iliyopasuka makalioni. Nikadhani ameanguka. Kumbe suruali ya mpiga piano hufia hapo, kwa kukaa na kusogeasogea juu ya kiti. Magoti mapya kabisa, nyuma wavu. Nikamtilia kiraka kwa ndani, na wiki ya pili akarudi kutaka koti. Nimewashonea maharusi, nimewashonea mashehe, nimemshonea mchungaji mmoja wa Lubumbashi aliyetaka mifuko minane, lakini sikuwa nimepata kumpima mtu akiwa amekaa. Huyu alikataa kusimama. Alivuta kigoda, akakaa, akanyoosha mikono kama anataka kulikumbatia kabati, akaniambia nimpime hivyo hivyo. Koti linalompendeza akiwa wima, alisema, humkaba akiufikia mwisho wa piano.

Ndivyo nilivyoyapata maisha yake, kwa vipande, yeye kakaa na mimi nazunguka na utepe. Kiingereza chetu kilikuwa kibovu kwa namna mbili tofauti, tukaelewana vizuri sana. Alizaliwa Osaka. Akiwa na miaka kumi na sita aliosha vikombe katika mkahawa ambao mteja alikatazwa kuzungumza. Watu walilipa kahawa wakakaa kimya wakisikiliza sahani za santuri za jazi, na anayekohoa sana aliombwa atoke. Nilimuuliza kama ule ulikuwa mkahawa au msiba. Alicheka mpaka pini zikamchoma. Huko ndiko alikojifunza, kwa masikio tu, vikombe mkononi.

Akiwa na miaka ishirini na mitatu alipanda ndege kwenda New York. Mama yake alimnyima baraka, na hawakusemezana miaka kumi na mmoja. Nilipolisikia hilo nilikuwa na pini mdomoni. Nilizitoa zote ili nipate kumlaumu huyo mama vizuri. Mama gani, nilisema, anamfungia mlango mwanawe kwa sababu ya safari? Yeye akainua mabega tu. Koti likaharibika kipimo, nikaanza upya.

New York alipiga piano katika baa ya hoteli ambako hakuna aliyemsikiliza. Paris alikaa miaka sita, akaolewa na mpiga ngoma. Sijui alimwacha au aliachwa, maana hadithi ilibadilika kila nilipomwuliza. São Paulo alikwenda kwa mwezi mmoja akakaa minne. Mwaka mmoja wote aliumalizia katika meli ya watalii, ambako alipiga nyimbo zile zile kila siku mpaka akaanza kuzipiga kinyumenyume, na hakuna mtalii aliyegundua. Johannesburg alikuja kwa tamasha la wiki tatu. Mzee mmoja wa hapa, mpiga gitaa la besi, akampikia matumbo ya ng'ombe na uji mgumu wanaouita papu, na basi. Waliishi kule juu, mtaa wa Observatory, miaka kumi na mmoja, mpaka mzee akafariki. Watu walitegemea atarudi kwao. Yeye akanunua majani ya chai ya kutosha mwaka mzima akabaki.

"Mimi ni mwizi," aliniambia siku moja, kwa sauti ya mtu anayetaja kabila lake. Kila nchi aliyofika, hakujifunza kwa wanamuziki. Hao, alisema, wanakupa kile wanachojua unakitaka. Aliiba kwa watu wenye kazi nyingine. New York alimwibia mpishi aliyepiga mluzi akikatakata vitunguu. São Paulo alimwibia mwendesha lifti. Mtu akiimba huku mikono yake ina shughuli, alisema, hadanganyi.

Nami huimba nikishona. Sikuwa nimejua kama naibiwa.

Sasa nilete habari ya binti yangu. Ninaye mmoja. Kazaliwa hapa hapa, Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na akikasirika hujibu kwa Kizulu ili nisimfikie. Alipata mchumba, kijana mzuri wa watu wa Unguja wanaokaa Mayfair, ng'ambo ya pili ya mji wetu. Nilifurahi mpaka niliposikia kijana ameitiwa kazi Cape Town. Cape Town si mbali kwa ndege, lakini mimi si mtu wa ndege, na kwa basi ni usiku na mchana. Na siku ya kupokea mahari mama wa bwana harusi, mwanamke mwenye dhahabu mpaka kwenye meno, muuza udi na manukato, alisema mbele yangu akiwa anamenya chungwa, "Mwanamume hufuata riziki yake." Hakuniangalia. Nikajua basi, huyu ndiye anayewasukuma. Anataka kumchukua mwanangu, anipelekee wangu mmoja mwisho wa nchi, halafu anamenya chungwa.

Binti yangu alinisoma usoni. Usiku ule ule, hapana, kesho yake asubuhi, alikuja dukani akafunga mlango, msusi akatolewa nje pamoja na mteja wake aliyesukwa nusu kichwa. Alisema kwenye sherehe ya wanawake hataki mipasho. Msomaji asiyetoka pwani aelewe: mpasho ni wimbo wa kumsema mtu bila kumtaja. Na mwenye kuuelekeza si mwimbaji, ni mtunzaji. Wewe uliyekaa, ukisikia ubeti unaomfaa adui yako, unainuka na noti mkononi, unacheza taratibu mpaka mbele, unamtunza mpigaji, na njiani unamtupia mtu jicho. Basi. Ukumbi mzima umeshajua ubeti ni wa nani. Wengine hawatupi jicho tu, wanakwenda kusimama mbele ya kiti cha mtu, lakini hao wanakuwa wameshaamua kuvunja ujamaa.

"Mama, please," alisema. "Nakujua. Ukianza na mama yake, mimi nitakwenda Cape Town na sitarudi. Serious."

Nikaapa. Nikasema hataimba mtu yeyote, hakutakuwa na mwimbaji, sauti ya mtu haitasikika. Akaniangalia kwa muda mrefu, akasema, "Sharp," yaani sawa, akaondoka.

Mwimbaji sikumwalika. Nilimwalika mpiga piano.

Nilikuwa na hoja zote. Sherehe ni ya wanawake watupu, mpigaji lazima awe mwanamke, na katika Johannesburg nzima mwanamke mpiga kinanda niliyemjua alikuwa mmoja. Binti yangu mwenyewe alimpenda. Na mpiga piano haimbi. Nyimbo zake hazina maneno. Nani atalalamika?

Lakini wimbo mmoja nilimchagulia mimi. Ni wimbo wa kwetu Tanga, wa zamani, ambao kila mwanamke wa pwani aliyepata kuhudhuria harusi anaujua hata akiwa usingizini. Ubeti wake wa mwisho unasema:

Choyo cha mali hupona, mtu akishajaliwa;
Choyo cha watu hakina, mganga wala na dawa.

Nilimwimbia "la la la" juu ya meza ya kukatia, yeye akauandika kwa vidoto kwenye karatasi ya ruwaza ya gauni. Aliniuliza maneno yanasema nini. Nikasema ni dua ya kumwombea bibi harusi heri na kizazi. Mungu anisamehe, nilisema huku nikitia uzi kwenye sindano, na uzi ukapita mara moja. Kitu kimoja kilimsumbua: kuna mahali sauti yetu inakaa katikati, na piano yake haina hapo katikati. Alihangaika siku tatu. Mwisho akabonyeza vibonyezo viwili vya jirani kwa pamoja, kwa wepesi sana, na sauti ikatoka yenye maumivu kidogo, sawasawa na mama mmoja wa Tanga niliyemsikia utotoni. Nilisisimka mwili. Hapo ningeweza kubadili nia, na sikubadili.

Sherehe ilikuwa Jumamosi saa nane mchana, katika ukumbi wa madrasa kule Mayfair, saa tuliyoipanga kwa kuangalia ratiba ya kukatwa umeme. Msusi alitusaidia kubeba kinanda kwa bakkie, pikapu ya shemeji yake. Mpiga piano alivaa koti langu. Alikuwa na bahasha nyeupe yenye uzi mwekundu, zawadi yake ya harusi, na ndani yake noti mpya alizozifuata benki. Kwao, alinieleza njiani, ni aibu kumpa bibi harusi noti iliyokunjwa, na ni aibu zaidi kutoa fedha za harusi kwa mkono mmoja. Nikamsikiliza kwa sikio moja. Nilikuwa nafikiri viti vitapangwaje. Nilitaka mama wa bwana harusi akae mbele kabisa, na nikampangia mimi mwenyewe, kiti chenye mto. Mpiga piano akaniuliza yule ni nani, nikamwambia ndiye mama wa bwana harusi, mtu mkubwa kuliko wote leo.

Alianza na mambo yake ya jazi. Wanawake walikaa na adabu kama watu walioalikwa kwenye mkutano wa shule. Mmoja akauliza kama ndiyo bado anajaribu mitambo. Kisha, bila kusimama, akaingia kwenye wimbo wetu.

Ukumbi mzima ukanyooka migongo. Bibi mmoja wa Tanga aliyekuwa amesinzia alifumbua macho kabla ya mstari wa kwanza kwisha. Hakuna aliyeimba. Nilikuwa nimeapa, na kiapo changu kilitimia: sauti ya mtu haikusikika. Ila midomo, jamani. Midomo sabini ilikuwa inamumunya maneno. Ilipofika "choyo cha watu," shoga yangu mmoja, ambaye sitasema kama nilimwambia lolote, akainuka na noti, akacheza mpaka mbele, akaiweka juu ya kinanda, na akiwa anageuka akatupa jicho kidogo tu kwenye kiti chenye mto. Nilikunywa soda yangu kwa raha.

Hapo ndipo mpiga piano alipofanya alichokifanya. Katika maisha yake yote, mabara matano, hakuna aliyewahi kumwekea fedha juu ya piano katikati ya wimbo. Akatazama ile noti. Ni harusi, ni fedha, na fedha za harusi ni za familia; mtu kazikosea mahali, kampa mpigaji badala ya wenyewe. Mkono wa kushoto ukaendelea kupiga, mkono wa kulia ukainyoosha noti mikunjo juu ya paja. Kisha wimbo ulipofika penye pumziko, palepale kabla ya ule ubeti kurudi, akasimama. Akaishika noti kwa mikono miwili. Akatembea mpaka kwenye kiti chenye mto, akainama, kichwa chini, kiuno kimekunjika, akainama muda mrefu sana, akamkabidhi mama wa bwana harusi.

Sijawahi kusikia vigelegele kama vile. Kwetu, hata adui wa kufa na kupona hajawahi kupeleka mpasho kwa heshima ya namna ile.

Mpiga piano akadhani amefanya vizuri. Akarudi, akaendelea, na wanawake, ambao sasa walikuwa wamepandwa na mashetani, wakaja wawili kwa mpigo. Akanyoosha noti zao. Akasimama. Akapeleka. Safari hii aliinama zaidi. Mara ya tatu hata watoto walikuwa wamepanda juu ya viti. Mpaka leo sijamweleza. Mwaka uliofuata aliupiga wimbo ule huko Denmark, na nasikia aliwaambia wasikilizaji ni wimbo wa pwani ya Afrika wa kumheshimu mama mkwe.

Niseme ukweli wangu. Mara ya kwanza moyo uliniruka kwa furaha. Mara ya pili nikaanza kutazama mlango uko wapi. Mama wa bwana harusi alikuwa amekaa wima, noti zimelala mapajani mwake, hajazishika, uso hauna kitu. Mara ya tatu nikamtazama mwanangu. Bibi harusi saa ile hutakiwa kuinamisha macho. Yeye alikuwa ameinua kichwa na ananiangalia mimi, na hakuwa amekasirika. Hasira ningeimudu, nimeizoea. Alikuwa ananiangalia kama mtu aliyekuwa na swali na sasa amelipata jibu lake.

Nikaogopa. Sikuogopa aibu, aibu nimezila nyingi na hazijaniua. Nilimwogopa yeye, kwamba anaondoka na mimi ndiye ninayemfungulia mlango huku najidai nimeushikilia.

Kusimama nikaeleza nisingeweza. Kwenye ukumbi kama ule maneno hayafuti mpasho, yanauongezea chumvi. Kinachoufuta ni kimoja tu, na sikuwahi kumwona mtu akikifanya, nilisikia tu kwa wakubwa. Nikafungua pochi, nikatoa noti. Nikacheza taratibu mpaka mbele, magoti yananiuma, kilemba kimeniteleza sikioni. Nikamwashiria mpiga piano arudie mwanzo wa ubeti. Akarudia. Kila mtu alikuwa anangoja nimpelekee yule mama mwenyewe kwa mkono wangu. Ilipofika "choyo cha watu," niligeuka, nikawatazama wote, na nikaibandika ile noti juu ya paji la uso wangu, ubeti uwe wangu.

Wimbo ukaisha nimeishikilia hapo. Hakuna aliyepiga kigelegele. Yule bibi wa Tanga akasema "Lahaula," basi.

Mpiga piano, kwa kuwa hajui kitu, akaniinamia.

Nikasikia dhahabu inagongana. Mama wa bwana harusi alikuwa amesimama. Alizikusanya noti mapajani, akaja nazo, akaziweka juu ya kinanda zilikotakiwa kuwa tangu mwanzo. Kisha akanishika mkono, akanivuta pembeni karibu na masinia ya sambusa, na kwa nyuma tungeonekana kama wazazi wawili wanaojadili chakula.

"Ulinitupia mimi," alisema.

Nikamwambia ndiyo, nilimtupia yeye.

"Nilijua tangu uliponipa kiti chenye mto. Mimi hakuna anayenipa mto bure." Akachukua sambusa, akaikata katikati, akanipa nusu. "Sasa nisikilize, mzazi mwenzangu. Ile kazi ya Cape Town, mwanangu aliipata mwezi wa Ramadhani. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia mke wako ana mama, na mama huyo hana mtu mwingine."

Nilisema nilimsikia kwa masikio yangu akisema mwanamume hufuata riziki.

"Nilisema. Nilikuwa nakupa nafasi ubishe, tubishane, tuwazuie wote wawili. Wewe ukanyamaza ukanuna." Akafuta vidole. Nilimwona anatafuta namna ya kulisema lililobaki, mwanamke ambaye sikudhani kuwa hutafuta maneno. "Anayetaka kwenda ni mwanao. Amekwisha kutafuta nyumba. Anaogopa kukwambia."

Niliitafuna ile sambusa kwa sababu ilikuwa mdomoni. Ilikuwa ya nyama, na sikuisikia ladha. Nyuma yangu mpiga piano alikuwa amerudi kwenye mambo yake ya Osaka, polepole, na safari hii hakuna aliyeuliza kama anajaribu mitambo.

Nikapanda jukwaani kwa mwanangu. Ilikuwa ngazi tatu tu. Alikuwa ameinamisha macho tena, kama inavyotakiwa, na mikono yenye hina kaifumbata mapajani. Nilikuwa nimejaza kifuani maneno ya miaka ishirini na sita, mimba yake, homa zake, ada zake za shule, jinsi nilivyokuwa nikimbeba mgongoni nikikanyaga cherehani. Nikakaa pembeni yake kwenye kiti cha bwana harusi, ambacho si ruhusa kukikalia. Nikaushika ukingo wa mtandio wake nikaukagua mshono, maana ni mimi niliyeushona, na mahali pamoja ulikuwa umeachia.

"Cape Town kuna upepo mbaya," nilimwambia. "Njoo dukani Jumatatu nikupime koti."